Niliyoyaonja Mildura

Walimu wenzangu wa chama hiki wamezoea kuliona jina langu chini ya makala za ngeli na upatanisho wa kisarufi, na mhariri wetu alikuwa akingojea kutoka kwangu makala nyingine ya aina hiyo. Namwomba radhi. Likizo ndefu ya mwaka 2023 niliitumia mahali ambapo sikutazamia kamwe kufika, nikafanya kazi ambayo stashahada yangu ya ualimu haikunifunza, yaani kuonja divai; na tangu niliporudi Bujumbura kila nikishika kalamu jambo hilo hunijia kwanza. Wenzangu wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao, wanivumilie. Habari hii ni ya maneno zaidi kuliko ya kileo.

Mdogo wangu anaishi Mildura, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Victoria, nchini Australia, kilomita zipatazo 540 kutoka Melbourne. Alitoka kwetu Makamba mwaka 1996, wakati wa vita, akiwa na umri wa miaka kumi na sita. Alivuka mpaka akaingia Tanzania, akakaa kambini katika mkoa wa Kigoma miaka kumi na miwili, na huko ndiko alikokipata Kiswahili chake, ambacho kina uhai kuliko hiki changu nilichokisomea. Mwaka 2008 yeye na mkewe walipelekwa Australia. Warundi si wachache pale Mildura. Wengi hufanya kazi za mashambani, na wapo wanaolima mahindi yao wenyewe baada ya kazi, kwa sababu mahindi yauzwayo madukani huko ni matamu kama peremende na ugali wake haulikI.

Tulikuwa hatujaonana kwa miaka ishirini na saba. Alinitumia nauli, fedha alizoziweka kidogo kidogo kwa kukata matawi ya mizabibu ya watu, nami nikafika mwezi wa Agosti, ambao kwao ni majira ya baridi. Mwanawe mkubwa alinipokea uwanja wa ndege akaniita "baba mkubwa" kwa matamshi ambayo, kama angekuwa darasani kwangu, ningemtaka ayarudie. Lakini siku ile yalinitosha.

Mildura ni mji wa mto. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na ukitoka mjini hatua chache tu huoni ila mchanga mwekundu na vichaka. Kila kilicho kijani kinanyweshwa na mto Murray, wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,500, ambao pia ndio mpaka wa Victoria na New South Wales. Ndugu wawili wa ukoo wa Chaffey, wazaliwa wa Kanada waliokwisha kuijaribu kazi hiyo California, walianzisha umwagiliaji hapo mwaka 1887, wakayapandisha maji kwa pampu za mvuke. Mji ukajipatia jina kwanza kwa zabibu kavu. Jambo hili lilinifurahisha kama mwalimu, maana neno letu "zabibu" tulilichukua kwa Waarabu, na kwao asili yake ni tunda lililokaushwa. Ni sisi tuliolitanua likafunika na lile bichi. Mildura basi ni mji wa zabibu kwa maana zote mbili. Ama kuhusu "mvinyo," tulilopewa na Wareno, na "divai," ambalo yasemekana lilitoka kwa Wafaransa, nimetumia la pili kwa kuwa ndilo tulilolizoea upande wetu.

Yafaa nieleze kwa ufupi hali ya biashara niliyoikuta, kwani bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wanne waliketi ndani ya banda la trekta siku ya Jumapili wakiambizana ukweli. Maeneo ya bara yanayomwagiliwa, hili la Murray Darling likiwa mojawapo, hutoa zaidi ya nusu ya zabibu zote za divai nchini Australia. Nyingi huishia katika matangi makubwa ya viwanda, ambamo zabibu za huyu huchanganywa na za yule, na hakuna aulizaye zilipandwa na nani. Mwishoni mwa mwaka 2020 China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa divai nyekundu ya Australia, iliitoza ushuru, na Machi 2021 ushuru huo ukathibitishwa, kiwango cha juu kikipita asilimia 200. Nilipofika ulikuwa ungali upo. Uliondolewa Machi 2024. Matangi yalijaa, bei ya zabibu nyekundu ikaanguka, na wakulima wengine wakaanza kuing'oa mizabibu. Juu ya hayo, mwisho wa mwaka 2022 mto ulifurika, ukungu wa mimea ukaenea kwa ajili ya unyevu, na mavuno ya 2023 nchini humo, tani milioni 1.3 hivi, yakawa madogo kuliko yote tangu mwaka 2000. Mdogo wangu, ambaye zamani alikuwa akifanya kazi siku sita kwa juma, nilimkuta akifanya tatu. Mtu wa kati aliyekuwa akimwajiri alikuwa bado na deni lake la miezi miwili.

Siku ya nne ya juma, hata hivyo, alikuwa nayo, nayo ilikuwa ya mama mmoja mtengenezaji mdogo wa divai. Simtaji jina kwa sababu hakuniomba nimtangaze. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kuuzia kiwanda. Yeye alipolirithi shamba alizuia safu chache za mizabibu, akazipandikizia vikonyo vya aina za kusini mwa Italia, zinazolivumilia jua kali bila kupoteza ugwadu wao. Nilijifunza majina matatu: Vermentino, Fiano, na Nero d'Avola ya kisiwa cha Sicily. Aina hizi zimepata kibali kwao hata Mildura ikawa mwenyeji wa mashindano ya kila mwaka ya divai za zabibu zisizo za kawaida. Yule mama hukamua ndani ya banda, kwa vyombo vya chuma alivyovinunua kwa mfugaji aliyeacha biashara ya maziwa. Kwa mwaka hujaza chupa elfu tatu, akibahatika. Australia ina watengenezaji wa divai zaidi ya 2,000, na wengi wao ni wadogo, lakini yeye ni mdogo hata miongoni mwa wadogo.

Jumapili hiyo walikuwapo wenzake watatu: mjukuu wa mhamiaji wa Kiitaliano, na mume na mke vijana ambao walikuwa na mapipa manne tu na deni la benki. Kila mmoja alileta chupa zake zisizo na karatasi ya jina. Mdogo wangu alialikwa, nami nikafuata kama mgeni wa mgeni.

Jambo la kwanza kufunzwa lilikuwa kutema. Huizungusha divai katika bilauri, huinusa, huisukutua, kisha huitema ndooni. Nilishindwa. Nawaambia kweli, nilimeza nne za kwanza kwa adabu tu, hata kichwa kikaanza kuwa chepesi. Kwetu Burundi mtu aliyekitema kinywaji cha mwenyeji mbele yake amemtangazia ugomvi, na wajukuu wataurithi. Kuonja kwenyewe kwetu si kazi ya mgeni. Mwenye nyumba ndiye ambaye huonja kwanza, wageni wakimtazama, ili ajulikane kuwa amewapa kitu anachokunywa mwenyewe, Kirundi kina kitenzi chake hasa, "gusogongera." Nilimweleza yule mama. Akafikiri kidogo, akasema kwamba katika biashara yake pia yeye hukinywa kabla ya mnunuzi, ila mnunuzi hayupo pale kumwona.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Niliulizwa naionaje Vermentino, nikajibu, "Ni nzuri." Wote wanne wakanitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapojaza nafasi iliyo wazi kwa neno "kitu." Ndipo yule mama akanieleza shida yake. Alisema kwamba ulimi anaouamini kuliko wake mwenyewe ni ulimi wa mdogo wangu. Mara mbili alikuwa amemwonya, mara mbili hakumsikiliza, na mara mbili akajuta. Lakini mdogo wangu, ambaye Kiingereza chake kinatosha kabisa kwa shamba, duka na hospitali, akifika kwenye ladha huhamia Kiswahili, na hapo yule mama hubaki mlangoni. "Wewe ni mwalimu wa lugha," akaniambia. "Niambie huyu husema nini."

Nilikubali upesi mno.

Bilauri ya kwanza ya Nero d'Avola ilikuwa ya wale vijana. Mdogo wangu aliionja, akatema, akasema, "Ukakasi wake ni wa mbegu." Nikafasiri sehemu iliyo rahisi. Ndugu walimu, neno "ukakasi" nimelifundisha kwa miaka ishirini na miwili. Huandika ubaoni: hali ya kinywa kukwaruzwa na tunda lisiloiva. Wanafunzi hunakili, mtihani huja, mtihani hupita. Sikuwahi kudhani kwamba upo ukakasi wa namna hii na namna ile. Mdogo wangu aliweka bilauri chini akanihesabia kwa vidole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Uko wa ndizi mbichi, ambao hushika ufizi na kuganda kama utomvu. Uko wa pera changa, ambao hukaa pembeni mwa ulimi na kuondoka wenyewe. Uko wa chai iliyosahauliwa jikoni, ambao hukausha kaakaa lote mpaka ulimi unang'ang'ania juu. Na uko wa mbegu, unaokuja mwisho, nyuma kabisa, ukiwa umeshikana mkono na uchungu.

Nilipoyafasiri haya yule kijana aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli: walikuwa wamekamua kwa nguvu kupita kiasi kwa kuogopa hasara, maana zabibu za mwaka ule zilikuwa chache, na mbegu zikapondeka. Yule mama akanieleza kwamba kitu kinacholeta ukakasi katika divai ni tanini, nayo hutoka katika ganda, katika mbegu na katika vikonyo, na kila kimoja huleta wa kwake. Hata ule wa chai una jamaa na huo. Hivyo sayansi yao ilikuwa ikisema yale yale aliyoyasema mtu aliyeacha shule akiwa darasa la saba.

Tukaingia katika "ugwadu" na "uchachu." Hapa nilisimama imara zaidi, ingawa si sana. Nilizoea kuyachukulia maneno haya kama ndugu pacha. Mdogo wangu hayachanganyi hata kidogo. Ugwadu ni wa tunda lenyewe, kama wa ukwaju au wa pasheni, nao hutia mate kinywani. Uchachu huja baadaye, kitu kinapoumuka au kinapoharibika. Aliisifu Fiano ya yule mjukuu wa Mwitaliano kwa ugwadu wake, kisha akaikataa chupa ya pili ya mtu huyo huyo kwa neno moja, "Imechacha," na kweli ilikuwa imeanza safari ya kuwa siki. Divai moja nyekundu, laini, isiyo na kosa lolote, aliiita "chapwa." Mwenyewe alikasirika kidogo. Nadhani ningekasirika pia.

Mwisho yule mama aliufunua mtungi wa udongo uliokuwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na Fiano aliyoiacha pamoja na maganda yake kwa majuma sita, jambo ambalo kwa kawaida hufanyiwa divai nyekundu. Hivyo zabibu nyeupe zilikuwa zimetoa kinywaji chenye rangi ya asali mbichi na ukungu ndani yake. Huo ndio ulikuwa mtaji wake wa mwaka. Alikuwa amekwisha kukodi mashine ya kujazia chupa kwa siku ya Alhamisi, na muuza divai mmoja wa Melbourne alikuwa akingojea.

Mdogo wangu akaonja. Akaonja tena. "Haijakolea," akasema.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba haijawa tayari. Yule mama akauliza, haijawa tayari vipi? Ina kosa gani? Imezidi nini, imepungukiwa nini? Sikuwa na jibu, kwa kuwa kukolea si kuzidi wala kupungua. Nikajaribu tena na tena huku wale watu wakingoja, na mdogo wangu akinitazama kwa upole uliokuwa mgumu kuustahimili. Hatimaye nikaacha kufasiri neno nikaeleza chungu cha maharage. Ukitia chumvi maharage yakiwa yamekwisha kuiva, nikasema, chumvi itakuwapo na maharage yatakuwapo, na ulimi utavikuta kila kimoja mahali pake kama watu walionuniana. Ukiyarudisha motoni, ukayaacha, chumvi huingia ndani. Haikuongezeka hata chembe, lakini sasa imekolea. Yule mama alikaa kimya. Kisha akachukua chaki, akaifuta tarehe ya Alhamisi iliyoandikwa kwenye mtungi, akaenda nje kumpigia simu mwenye mashine. Tulimsikia akiomba radhi kwa muda mrefu, na kwamba fedha ya kukodi haingerudishwa.

Alipokuwa huko nje niliionja divai ile, nikasahau kutema, na safari hii si kwa adabu. Nyuma ya asali na nyuma ya ukakasi mlikuwa na harufu ya ndizi: ndizi iliyotolewa shimoni. Baadaye yule mama aliniambia si ajabu, kwani hamira inapofanya kazi yake hutengeneza harufu ile ile iliyomo katika ndizi mbivu. Lakini kwa wakati ule mimi sikuwa Australia.

Baba yetu alikuwa mtengenezaji wa pombe ya ndizi, urwarwa, na kwa kazi hiyo alitulisha na kutusomesha. Alizifukia ndizi mbichi shimoni, akazifunika kwa majani ya mgomba, akazitia joto mpaka zikaiva. Akazimenya, akazikamua kwa nyasi, akatia maji na unga wa mtama uliokaangwa, akafunika. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Mwaka 2001 nilirudi nyumbani na stashahada yangu, nikiwa nimeongozana na walimu wenzangu wawili wa mjini, na baba alikuwa ametengeneza pombe kwa ajili ya siku hiyo. Mbele ya mlima mzima alijaza kibuyu akaninyoshea mimi kwanza. Hakuonja mwenyewe, aliniachia mimi nionje kwa niaba ya nyumba, nikiwa mwanawe mkubwa. Nami niliwatazama wenzangu wa mjini, nikaona haya, nikaomba bia ya chupa.

Baba hakusema neno. Alionja yeye, akawapa wageni. Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya siku hiyo, na hakuniletea kibuyu tena.

Habari hii sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia mdogo wangu usiku ule, tukiwa tumeketi nje ya nyumba yake tumejifunika mablanketi, kwa kuwa Agosti ya Mildura haina mzaha. Nilitazamia akasirike. Yeye ndiye aliyeipenda kazi ile, na wakati mimi nikiomba bia ya chupa yeye alikuwa kambini akipanga foleni ya unga.

"Najua, kaka," akasema. "Baba aliniambia. Mwaka 2010 nilipopata kumpigia simu aliniambia."

Nikamuuliza baba alisema nini.

"Alisema, siku ile mwalimu hakuonja, nami nilipoonja nikajua sababu. Pombe ilikuwa imepitiwa na siku moja, imeanza kuchacha. Alisema ulikuwa umeinusa tu ukajua, ukataka kumsitiri asiaibike mbele ya watu. Alikusifu, kaka. Alisema una pua kuliko mimi."

Sikunusa kitu siku ile, ila haya yangu mwenyewe. Nilimwambia hivyo mdogo wangu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema nisimwambie dada yetu, kwa maana yeye pia ameisikia habari hiyo kwa namna ya baba, na huwasimulia watoto wake.

Niliondoka juma lililofuata. Mwezi wa Oktoba mdogo wangu alinipigia simu akaniambia kwamba divai ya mtungi imejazwa chupa, na kwamba yule mama alikusanya wanunuzi wachache pale bandani akaionja mbele yao kwanza. Yule mwuza divai wa Melbourne alichukua nusu tu ya alizoahidi, kwa sababu alikwisha kununua kwa mwingine. Siku za kazi za mdogo wangu pale zimekuwa mbili.

Nami nimeanza daftari. Lina ukakasi wa namna nne, ugwadu, uchachu, uchapwa, kukolea, na maneno mengine kumi na mawili aliyonipa kwa simu, ambayo sijayaona popote palipoandikwa. Nawaomba walimu wa Kigali, Goma, Bukavu na Mbale waniletee yao: yale wanayoyasema akina mama sokoni wanapoonja samli, wavuvi wanapoonja dagaa, wazee wanapoinua kibuyu. Pamoja na neno mniandikie lilisemwa juu ya kitu gani, na nani alikuwapo. Yaliyomo katika kamusi msihangaike nayo, hayo ninayo.